Kimara ya "palipokuwa na": nani anaitunza ramani ya mtaa wetu?

Mpigie simu mkazi wa Kimara umwambie uko njiani kwenda kwake. Atakuelekeza hivi: shuka Stop Over, vuka barabara, ingia njia ya vumbi inayoshuka bondeni, ukifika palipokuwa na baa pinda kushoto, halafu ulizia kwa Mama fulani. Katika maelezo hayo yote, maneno ya kuyaangalia ni hayo mawili: "palipokuwa na". Baa haipo. Ilivunjwa mwaka 2017. Lakini watu wanaendelea kuelekezana kwa majengo ambayo hayapo tena, na mgeni asiyejua historia ya mtaa anabaki amesimama njiapanda, simu sikioni.

Mgeni wa shughuli akipotea hakuna hasara kubwa. Atapiga simu mara tatu na atakuta pilau limepoa. Ila aliyepotea akiwa dereva wa gari la zimamoto, au dereva anayemfuata mama mwenye uchungu saa nane usiku, zile dakika za kuuliza njia zinakuwa na uzito mwingine kabisa.

Katika kipindi chetu cha asubuhi tumekuwa tukizungumzia huduma za mtandaoni na aplikesheni za simu ambazo watu hutumia kupeana taarifa za mahali: lokesheni ya WhatsApp, ramani ya Google, OpenStreetMap, mfumo wa serikali wa NaPA na nyinginezo. Wasikilizaji wengi wametuuliza swali linalofanana: ikiwa kila mtu ana ramani mkononi, mbona bado tunapotea? Makala hii inajaribu kulijibu. Kwa ufupi, simu tunazo na setilaiti zinafanya kazi. Kinachokosekana ni mtu wa kuitunza ramani baada ya kuchorwa, pamoja na imani ya mwananchi kwamba ramani hiyo haitatumika dhidi yake.

Kwa nini Kimara ni mfano mzuri

Kimara iko kandokando ya Barabara ya Morogoro, katika Manispaa ya Ubungo. Wapo wanaosema hadi leo kwamba wanaishi Kinondoni, kwa sababu Wilaya ya Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni katikati ya muongo uliopita. Hilo peke yake linatuambia kitu: hata jina la wilaya limebadilika ndani ya miaka michache, na fomu nyingi za zamani bado zinasoma jina la kwanza.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya Agosti 23, 2022 ilihesabu 5,383,728, na kati yao 1,086,912 walikuwa Ubungo. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda pembezoni mwa jiji, huku kwetu, ambako mtu hununua kiwanja kwa mwenyeji, akajenga taratibu, na njia ya kupita ikabaki ile walioiacha majirani. Leo njia ina upana wa gari, mwakani mmoja anajenga ukuta, inabaki ya bodaboda. Mvua za masika zikija, korongo linakula upande mmoja, inabaki ya miguu. Kimara ni vilima na mabonde, kwa hiyo nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa na umbali wa mita 100 kwa macho na kilomita nzima kwa gari.

Kisha kuna barabara kuu yenyewe. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kutoa huduma kati ya Kimara na katikati ya jiji, na vituo vya Korogwe, Bucha, Baruti na Kibo vikapata sura mpya. Mwaka uliofuata ikaja bomoabomoa. Ili kupisha upanuzi wa barabara kutoka Kimara kuelekea Kibaha, wenye majengo yaliyokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, kila upande, walitakiwa kuondoka. Zaidi ya nyumba 1,000 zilivunjwa, pamoja na maduka, vituo vya mafuta na nyumba za ibada. Wengi hawakulipwa fidia, kwa hoja kwamba walikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Desemba 2018 likawekwa jiwe la msingi la barabara ya njia nane, kilomita 19.2.

Kwa mtu wa ramani, hilo ni tukio kubwa. Alama zote ambazo watu walizitumia kuelekezana, kutoka Kimara Mwisho hadi Suka, Temboni na kuendelea, ziliondoka ndani ya muda mfupi. Majina ya vituo yalibaki, vitu vilivyoyabeba havikubaki. Ndipo lilipozaliwa "palipokuwa na".

Lokesheni inafika vipi kwenye simu yako?

Kabla ya kwenda mbele, tueleze mambo manne ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni GPS. Simu yako inapokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti zinazozunguka dunia katika umbali wa takriban kilomita 20,000 juu. Ikipata mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, inaweza kukokotoa mahali ulipo. Kazi hiyo haihitaji bando. Bando linahitajika kupakua picha ya ramani na kumtumia mwenzako lokesheni. Uwanjani penye anga wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita chache tu. Ukiwa ndani ya nyumba, au katikati ya kuta ndefu, kosa hilo huongezeka, na katika mtaa wenye nyumba zilizobanana mita 20 ni nyumba ya mtu mwingine.

La pili ni ramani yenyewe. Nukta ya bluu inakuonyesha uliko, lakini haijui kama mbele yako kuna njia, ukuta au korongo. Taarifa hiyo lazima iwe imeingizwa na mtu. Google inakusanya kwa njia zake na ramani ni mali yake. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ni tofauti: mtu yeyote anaweza kuingiza barabara, zahanati au kisima, na mtu yeyote anaweza kuichukua data yote bure na kuitumia. Watu huifananisha na Wikipedia, na mfano huo unafaa.

La tatu ni aplikesheni za kukusanya. Kuna ODK na KoboToolbox, ambazo ni fomu za maswali ndani ya simu: mkusanyaji anajibu maswali, anapiga picha, simu inaongeza mahali aliposimama, na fomu inatumwa kwenye seva akipata mtandao. Kuna StreetComplete, inayokuuliza maswali mafupi ukiwa unatembea: barabara hii ina lami? Duka hili linaitwaje? Majibu yako yanaingia moja kwa moja kwenye OpenStreetMap.

La nne ni aplikesheni za kutumia. OsmAnd na Organic Maps hukuruhusu kupakua ramani ya Tanzania nzima ukiwa na Wi-Fi, kisha kuitumia bila bando. Hili dereva wa bodaboda angelijua, angeokoa fedha nyingi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba lokesheni unayotuma kwa WhatsApp ni ya mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja. Ikishatumika imekwisha. Haimfundishi jirani, haimfikii dereva wa kesho, haijengi ramani. Ndiyo maana mtaa unaweza kutuma lokesheni mara 1,000 kwa siku na bado ukabaki mtupu kwenye ramani.

Kazi iliyofanywa: kutoka Tandale hadi Ramani Huria

Jiji letu lina historia katika jambo hili, na si historia ya kuomboleza.

Mwaka 2009, Nairobi, vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao ambao kwenye ramani za wakati huo ulionekana kama eneo tupu. Mwaka 2011 wazo hilo lilifika Dar es Salaam. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale walitembea mtaa kwa mtaa na vifaa vya GPS, wakachora njia, vyoo, visima, shule na mitaro. Desemba mwaka huohuo jiji likapigwa na mafuriko yaliyoua watu wapatao 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Swali la "maji yanafika wapi" likaacha kuwa la wataalamu peke yao.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Ulizileta pamoja Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, shirika la kimataifa la wachoraji wa OpenStreetMap wanaoshughulikia misaada ya kibinadamu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi. Wanafunzi walifanya sehemu kubwa ya kazi, wakisindikizwa na wakazi wanaozijua njia. Droni zilipiga picha kutoka juu. Watu waliojitolea, ndani na nje ya nchi, walichora mapaa ya nyumba kutoka kwenye picha hizo. Kisha timu za mitaani zikaenda kuhakikisha.

Zipo kazi mbili za mradi huo ambazo tunadhani hazijasifiwa vya kutosha. Moja ni mitaro. Vijana walipima upana na kina cha mitaro ya maji ya mvua, wakaandika imejengwa kwa nini, imeziba au haijaziba. Ukiwa na data hiyo pamoja na ramani ya nyumba, programu kama InaSAFE inaweza kukadiria ni nyumba ngapi na shule zipi zitafikiwa maji yakipanda. Nyingine ni mipaka ya mashina. Mipaka hiyo haikuwa imechorwa popote. Ilikuwa kichwani mwa mjumbe. Timu zilikaa na wajumbe, wakaonyesha kwa kidole: shina langu linaanzia mwembe ule, linaishia mfereji ule. Kwa mara ya kwanza maarifa hayo yakawa mstari kwenye ramani ambao mtu mwingine anaweza kuuona.

Zanzibar nayo ilifanya ya kwake. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, ikiwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilirusha droni ndogo juu ya Unguja na Pemba na kupata picha za visiwa kwa ubora ambao awali ungehitaji ndege kubwa na fedha nyingi.

Kazi ya serikali: namba ukutani na NaPA

Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, iliyotakiwa kukamilika kabla ya sensa. Ndipo tulipoona vijana wenye simu wakipita nyumba kwa nyumba, vibao vya majina ya mitaa vikasimamishwa, na namba zikabandikwa au kuandikwa kwenye kuta na mageti. Agosti mwaka huo makarani wa sensa walipita na vishkwambi, na taarifa zao zikaunganishwa na mahali.

Nyuma ya namba hizo kuna mfumo wa NaPA, ulio chini ya wizara inayoshughulikia mawasiliano. Anwani kamili ina namba ya nyumba, jina la barabara au mtaa, na postikodi ya tarakimu tano inayoonyesha kata. Mwananchi anaweza kuingia kwenye mfumo kwa simu au kompyuta, akatafuta anwani na kuelekezwa. Serikali pia imeongeza huduma ya kuomba barua ya utambulisho wa mkazi kupitia mfumo huo, ile barua ambayo zamani ilikulazimu kumsubiri mtendaji ofisini.

Hii ni hatua kubwa na tusiibeze. Ramani Huria ilikuwa mradi wa jiji na baadhi ya maeneo. NaPA ni ya nchi nzima na ina nguvu ya serikali. Namba ya nyumba ina faida ambayo "palipokuwa na" haina: haitegemei kumbukumbu ya mtu.

Lakini tembea leo Kimara uangalie. Kuna geti lililopakwa rangi upya na namba ikafunikwa. Kuna kibao kilichogongwa na lori. Kuna nyumba iliyojengwa baada ya vijana kupita, haina namba kabisa. Kuna mwenye nyumba anayeijua namba yake, na mpangaji wake anayeishi banda la uani asiyeijua. Na jaribu kumwuliza bodaboda wa kijiweni akupeleke kwa jina la barabara lililo kwenye kibao. Atakuuliza wewe: ni kwa nani pale?

Ramani ni kama mtaro

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini. Ramani haichorwi mara moja ikaisha. Ni kama mtaro wa maji: unaweza kuujenga kwa fedha nyingi, ukakatwa utepe, lakini usipozibuliwa kila msimu utajaa taka na maji yatapita mlangoni kwako kana kwamba haukuwahi kujengwa.

Miradi ya ramani hulipiwa kwa kipindi. Wafadhili wanaleta simu, posho na mafunzo; vijana wanachora; ripoti inaandikwa; mradi unafungwa. Operesheni za serikali nazo zina tarehe ya mwisho. Mtaa hauna tarehe ya mwisho. Kila wiki Kimara inapata ukuta mpya, duka jipya, njia iliyozibwa. Mwenye kuyaona mabadiliko hayo kwanza ni mjumbe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, bodaboda, mwenye duka la M-Pesa. Hao ndio ambao hawana jukumu rasmi la kuyaingiza kwenye ramani, wala hawalipwi kufanya hivyo, na wengi hawajawahi kuonyeshwa namna.

Kuna tatizo la pili. NaPA imejengwa kwa ajili ya anwani moja moja: unatafuta nyumba, unaipata. OpenStreetMap inampa mtu data nzima, aichambue, atengeneze aplikesheni, achapishe ramani ya ukutani. Kila moja ina kitu ambacho mwenzake hana. NaPA ina namba rasmi. OpenStreetMap ina njia za miguu, mitaro na visima. Mwananchi anayeingiza marekebisho upande mmoja hana uhakika kama yatafika upande wa pili. Na kwa kuwa barabara kuu ziko chini ya TANROADS na za mitaani chini ya TARURA, huku mabomba na nguzo za umeme zikiwa na wenyewe, kila taasisi inahitaji ramani ileile ya ardhi ileile. Kila moja ikichora ya kwake, mwananchi analipia mara nne.

Ikifanya kazi, inafanya nini?

Ili tusiishie kwenye malalamiko, tuangalie mahali ambapo taarifa za mahali zimeleta tofauti.

Wa kwanza ni mfumo wa m-mama. Ulianzia Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 ukazinduliwa kitaifa. Mama mjamzito, aliyejifungua au mwenye mtoto mchanga akipata dharura, hupigwa namba 115 bila malipo. Mratibu kituoni anaingiza taarifa kwenye aplikesheni, inaonyesha gari lililo karibu na kituo cha afya kinachofaa. Kama gari la wagonjwa halipo, anaitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa na kupewa mafunzo, naye analipwa kwa simu. Angalia jinsi mfumo ulivyofikiriwa: teknolojia imemtafuta dereva anayezijua njia. Haikudhani ramani peke yake inatosha.

Wa pili ni Serengeti. Huko mkoani Mara, wasichana wanaokimbia ukeketaji walikuwa wakipiga simu kuomba msaada kutoka vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote ya simu, na waokoaji walipoteza muda usiku wakitafuta. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania umewaunganisha watu wa kujitolea walio mbali, wanaochora barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti, na wenyeji wanaoongeza majina ya vijiji kwa simu zao. Jina la kijiji ni kitu ambacho setilaiti haiwezi kukiona. Mwenyeji ndiye mwenye nacho.

Wa tatu ni Nairobi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na wenzao wa vyuo vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo. Januari 2014 ilitoka ramani ya njia zaidi ya 130 na data ikawekwa wazi. Mwaka uliofuata njia hizo zilionekana kwenye Google Maps. Kwa Dar es Salaam, ambako abiria wa Kimara anabadilisha kutoka mwendokasi kwenda daladala kwenda bajaji, somo liko wazi: usafiri tunaouita holela una utaratibu wake, haujaandikwa tu.

Alama ya X na woga wenye sababu

Lipo jambo ambalo wataalamu wakija na semina hawalisemi, na sisi wa huku tunalijua. Kimara ukimwona mtu mgeni amesimama mbele ya nyumba yako na kifaa cha kupimia, kitu cha kwanza kinachokujia kichwani si huduma. Ni ile alama ya X nyekundu iliyopakwa kwenye kuta kabla ya tingatinga kuja.

Mtu aliyeona nyumba ya jirani ikipimwa kisha ikaanguka ana haki ya kuuliza: mnanichora ili iweje? Kumwambia kuwa ramani ni maendeleo hakutoshi. Ramani ileile inayomwongoza dereva wa gari la wagonjwa inaweza kumwongoza mtoza kodi, mvunjaji na mwizi. Inayoonyesha nyumba zilizo bondeni ili ziokolewe ndiyo itakayoonyesha nyumba zilizo bondeni ili ziondolewe. Yote mawili yanaweza kuwa halali. Lakini mwenye nyumba anastahili kujua ni lipi kabla hajajibu maswali.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Msingi wake ni rahisi kuuelewa: anayekusanya taarifa zako aseme ni za nini, akusanye zinazohitajika tu, na asizitumie kwa jambo jingine. Kwa hiyo kijana mwenye kishkwambi akija, una haki ya kumwuliza ametumwa na nani na taarifa zinakwenda wapi. Na ni vizuri awe ameongozana na mjumbe.

Kwenye ramani huria kanuni nzuri ni hii: chora vitu, usichore watu. Barabara, kisima, mtaro, zahanati, jina la mtaa ni mali ya wote. Jina la mwenye nyumba, nani anaishi peke yake, nani ana gari, si mambo ya ramani. Na kwa lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp, kumbuka inaweza kuendelea kukufuatilia hadi saa 8 ukichagua hivyo. Ukishafika, izime.

Kifanyike nini sasa?

Tukiyaweka pamoja, tunaona mambo matatu yasiyohitaji mfadhili mkubwa.

Moja, kazi ya kutunza ramani ipewe mwenyewe. Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa Novemba 2024 wana muda mbele yao, na mtendaji wa mtaa yuko ofisini kila siku. Kila mtaa ukimpata kijana mmoja mwenye simu, akapewa bando na siku moja kwa mwezi ya kupita na mjumbe kuandika kilichobadilika, gharama yake ni ndogo kuliko kurudia operesheni nzima baada ya miaka kumi. Chuo Kikuu Ardhi kiko palepale barabara ya Chuo Kikuu, na wanafunzi wake wamekwisha kuthibitisha wanaiweza kazi hii.

Mbili, manispaa itoe wazi kile kisichomhusu mtu binafsi: majina ya barabara, mipaka ya mitaa, mitaro, vituo vya afya. Data hiyo ikiwa wazi, kijana wa Kimara anaweza kutengeneza aplikesheni ya kuonyesha njia gani haipitiki wakati wa mvua. Sisi redioni tungeitumia siku hiyohiyo, maana kila masika simu zinazotufikia studio ni za swali hilo.

Tatu, kila mmoja wetu aanze nyumbani kwake. Ijue namba ya nyumba yako, jina la barabara na postikodi. Mpe mpangaji wako pia. Viandike nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto au dada wa kazi atasoma kwa sauti kwenye simu siku ya dharura, kwa Zimamoto 114, Polisi 112 au m-mama 115. Namba ikifutika, iandike tena. Nyumba yako ikiwa haina namba, nenda ofisi ya serikali ya mtaa uombe. Hili halihitaji simujanja wala bando.

Wazee wetu walielekezana kwa miti na visima, na ilitosha kwa sababu watu walikuwa wachache na mti uliishi kuliko mtu. Kimara ya leo inabadilika haraka kuliko kumbukumbu yetu. Wakati mwingine ukimwelekeza mtu ukajikuta unasema "palipokuwa na", simama kidogo ujiulize: gari la wagonjwa lingekuja usiku huu, dereva asiyewahi kuiona hiyo baa angefika?